Nzuri ya Salamu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa kijana bado hapa Doha, msimamizi mdogo katika kampuni ya kabini, nyumba zile zinazotengenezwa kiwandani na kuunganishwa uwanjani. Shule niliiacha mapema, wazazi walipofariki, nikawalea wadogo zangu. Kwa hiyo cheo kile nilikishika kwa mikono miwili.

Tulikuwa tukiwaandalia makao walinzi wa zamu ya usiku huko Al Wukair. Jengo lao la zamani lilikuwa karibu kubomolewa. Ijumaa walitakiwa wawe wamehama. Mkandarasi wa kuunganisha kabini alikuwa Wafula, mtu wa kwetu, mcheshi. Kila asubuhi nilimpigia simu.

"Habari za kazi?"

"Nzuri, bosi wangu! Nzuri sana!"

Nami nikampelekea mkubwa wangu hiyo nzuri, nzima nzima.

Jumatano nikaenda mwenyewe. Paa halijazibwa, kiyoyozi hata kimoja hakijafungwa, na Wafula hayupo. Mlinzi wa usiku hulala mchana, mwanangu, na kiangazi cha huku unakijua. Tungewalaza watu ndani ya tanuri.

Mzee Kato, Mganda aliyeendesha kreni yetu, akaniuliza, "Kwani ulikuwa unamuuliza nini?"

"Habari za kazi."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Hata mahututi ukimsalimu atakujibu nzuri! Hiyo ni salamu, kijana, si ukaguzi. Wadogo zako wakikwambia wameoga, hukuwatazama visigino?"

"Niliwatazama. Na nyuma ya masikio."

"Basi kazi ya Wafula masikio yake ni yapi?"

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na hadi leo nashukuru. Nikampigia Wafula: "Washa kamera, nionyeshe paa." Akakiri hayuko uwanjani. Kumbe alikuwa Al Sadd, kwenye kazi nyingine. Nikamweleza mkubwa wangu ukweli wote, akaleta mafundi kutoka Abu Hamour. Wafula naye akaja, kichwa chini, akafanya kazi kama mtu. Ijumaa walinzi wakaingia. Mmoja alilala na viatu vyake kabla hatujatoa ngazi.

Mwanangu, mtu wako mwamini, lakini kazi yake iangalie. Usione haya kumkagua wa kwenu. Undugu haujawahi kuziba paa. Na ukikuta imeharibika, sema mapema. Mungu akujalie watu wa kukucheka ungali na muda wa kurekebisha, na kazi ya mikono yako imlaze mtu salama.