Siku Niliyopewa Kipaza Sauti Dengfeng

Nilikwenda Guangzhou kusomea uhandisi. Kufikia mwaka wa tatu Kichina changu kilitosha kugombana na wauza mboga, na kila Jumamosi niliwatafsiria wafanyabiashara wa Kikongo mtaani Dengfeng. Niliyemzoea zaidi alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa mikoba, mcheshi lakini asiyependa kupotezewa muda.

Jumamosi moja tukiwa dukani waliingia watu wa televisheni: mtangazaji kijana aliyevaa suti, mpiga picha, na mtayarishaji wa kipindi, mwanamke wa makamo aliyevaa raba. Walitaka kuwahoji Waafrika wa mtaa ule, wakaniomba nitafsiri. Mtangazaji akauliza: amenunua nini? Kwa bei gani? Anaipenda Guangzhou? Mama alijibu neno moja moja, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, huyu ananiuliza kama mimi ni gunia. Mwambie niko na kazi."

Hilo sikulitafsiri. Badala yake, bila kuomba ruhusa, nikamwuliza mama swali langu mwenyewe: siku ya kwanza kufika hapa, bila kujua neno hata moja la Kichina, alikula nini?

Alicheka mpaka akakalia furushi lake. Akasema aliingia mkahawani akawika kama jogoo ili aletewe kuku. Mpishi akaenda nyuma, akarudi na kuku mzima, hai, akamshikisha amkague.

"Mimi nikajua ni zawadi. Nikashukuru, nikatoka naye."

Mpishi alimkimbiza hadi njia panda. Mama akasimama pale dukani akatuonyesha alivyokimbia, kuku kwapani. Nilitafsiri huku machozi yakinitoka. Mwenye duka, mzee tuliyemwita laoban, yaani bosi, kama tulivyowaita wenye maduka wote, naye akawika kutoka nyuma ya meza yake.

Mtayarishaji alichukua kipaza sauti kutoka kwa mtangazaji, akanipa mimi. "Endelea," akasema.

Nikaendelea karibu saa nzima. Sikutaka kukiachia kipaza sauti kile. Kipindi kiliporushwa tulikitazama bwenini, tumebanana mbele ya televisheni moja, na wenzangu walipiga makofi kila nilipofungua mdomo. Mimi niliona tu kwamba nilikuwa nimesimama upande upande, kama mtu anayesubiri basi.

Baada ya wiki moja mtayarishaji alinipigia simu. Alitaka niende Shiling, mji wa viwanda vya mikoba, kuwahoji mafundi wa ngozi, kwa malipo. Nilimpigia baba kumweleza. Akauliza, "Wanakuonyesha uso, au sauti tu?"

"Uso, baba."

"Basi uchane nywele."

Nilizichana. Asubuhi ya safari yule mtangazaji kijana alinikuta nikisubiri gari, akanifundisha kusimama: miguu imara, mabega chini, macho kwa anayezungumza. Hakuwa na kinyongo. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili, na hadi leo, mimi mwenyewe nikiwa mtangazaji, kabla taa za studio hazijawashwa, huwa nashusha mabega kwanza.