Chai ya Shangazi Somoe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile shangazi yangu Somoe aliponipa kikombe cha chai nikashindwa kukimaliza. Umeniuliza habari za klabu zetu za tenisi na mazoezi, kwa kuwa wanataka kuifufua ile ya Palma na wewe umeitwa kuisimamia. Basi kaa nikueleze, wala usiniharakishe.

Ya kwanza ilifunguliwa Pemba, hii ya huku kwetu bara, si kile kisiwa: viwanja vya tenisi, chumba cha mazoezi chenye kiyoyozi, bwawa la kuogelea. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja kutoka Maputo, mtu wa maneno machache na viatu vyeupe. Mimi nilianza kwa kufunga nyuzi za raketi, maana mikono yangu ilikwishazoea nyavu za baba, nikapanda hadi umeneja. Ikaja ya pili, Msimbwa. Wanachama ni wakubwa wa makampuni na wake zao, nami nawajua wote kwa majina, najiona mtu hasa. Ya tatu akanikabidhi niijenge mwenyewe, Palma, mtaa ule ule wa shangazi. Loo, kichwa kilivimba!

Wageni walipenda viwanja vya udongo mwekundu. Tukachimba udongo wa kichuguu njia ya Olumbi, tukauponda, tukautandaza. Uwanja wa namna hiyo hautulii bila maji: umwagie asubuhi, umwagie jioni, la sivyo unageuka vumbi. Bado bwawa, bado mabafu. Nikaagiza kisima kirefu cha pampu, na nyuma ya ukuta palikuwa na kisima cha mtaa. Fundi mchimbaji akaniambia, "Mkubwa, bahari iko karibu. Ukivuta sana maji baridi, ya chumvi yatapanda." Nikamwambia achimbe, kazi yake si kunifundisha.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, shangazi akaniita kwake asubuhi. Nikamwamkia, nikakaa jamvini, akanimiminia chai.

"Kunywa, baba."

Nikapiga funda moja, uso ukanikunjika. "Shangazi, leo umetia chumvi badala ya sukari!" Nikacheka, mjinga mimi.

Yeye hakucheka. "Sukari nimetia, vijiko vitatu. Hayo ndiyo maji yetu siku hizi. Wajukuu wanayatema. Izime hiyo pampu, baba, kisima hiki ndicho tulicho nacho."

Niliogopa, sikufichi. Wageni walikwisha alikwa, na uwanja ukikauka niliona kazi yangu imekwenda na maji. Nikamwambia, "Nivumilie ufunguzi upite, shangazi." Akanitazama, akaichukua chai yangu akaimwaga nje, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, kama mgeni. Afadhali angenitukana.

Ufunguzi ukapita, ukafana kweli. Nikasema mashindano nayo yapite. Miezi ikaenda. Siku nilipojikaza kumweleza mwenye klabu, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Zima. Mbona hukuniambia mapema?" Basi. Maneno mawili matatu, mwanangu, nami nilikuwa nimeyaogopa muda wote ule.

Pampu ikazimwa, lakini maji hayakurudi kama zamani. Shangazi alikwisha hamia Olumbi kwa ndugu zake, na huko ndiko tulikomzika. Sikuwa nimemwomba radhi. Nilikuwa nangoja nipate nafasi.

Baadaye vita vikaja, klabu zikafungwa moja baada ya nyingine, nyasi zikaota viwanjani. Mwezi uliopita nilipita pale mtaani. Nikateka maji kidogo kisimani, nikaonja. Bado chumvi. Nililia pale pale, mtu mzima na mvi zangu, wanawake wananitazama.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ichukue, sikukatazi. Ila kabla hujawasha chochote, wazungukie majirani, uketi kwao, unywe maji yao. Fundi akikuonya, msikilize. Na mtu akikwambia unamuumiza, usimwambie angoje sherehe yako iishe. Acha siku hiyo hiyo, umwombe radhi siku hiyo hiyo, yeye akiwa hai akusikie.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe riziki isiyomkausha mtu. Akujaalie majirani wa kukukaribisha chai, nawe uweze kuinywa mpaka mwisho. Amina.