Treni ya Saa Nne

Mtoto wa dada yangu anataka kujifunza Kichina peke yake, na amekuja kuniomba ushauri mimi, kwa kuwa ukoo mzima unajua niliwahi kujifunza Kiingereza. Nilimwambia kitu kimoja tu: tafuta mtu wa kuzungumza naye, hata kama ni wa kukuudhi. Ukimkosa, usijichoshe. Akaniona nina roho mbaya. Labda ninayo.

Kiwanda cha nguo kilipotupunguza, nilirudi kwa mama, Temeke. Mama alikuwa akipika vitumbua barazani. Macho yake yalikuwa yameshaharibiwa na moshi, na kila siku alisema ataacha siku nitakayopata kazi. Kazi zilizokuwepo zilikuwa za makampuni mapya ya Kurasini, kwenye yadi za makontena, na kila tangazo lilitaka mtu wa kupokea simu anayejua Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu kilitosha kusoma kopo la maziwa.

Basi nikanunua kitabu cha mazungumzo kilichochakaa, chenye tafsiri nyuma, nikajifunza kwa njia pekee niliyoijua, ile ya chuoni tulikosomea Kurani. Chuoni tulihifadhi kwa sauti, tukiyumba mbele na nyuma, na ukikosea neno unarudi mwanzo wa sura. Nilikuwa hodari, nilihitimu kabla ya kaka zangu. Nikakihifadhi kitabu chote. Kilikuwa na mwanamke wa Kizungu ambaye sijui alikuwa anapika saa ngapi, maana kazi yake ilikuwa kutembea tu: ananunua kofia, anaulizia hali ya hewa, anafika stesheni na kuuliza kama treni ya saa nne imeshaondoka. Mtu wa stesheni anamjibu kuwa imeshaondoka, lakini nyingine inakuja.

Mama hakuwahi kushika kalamu, ila alinisikia mpaka naye akashika maneno. Akawa ananiuliza maswali ya yule mwanamke huku akigeuza vitumbua, na mimi najibu. Wapangaji wakipita walituita Wazungu wa vitumbua. Tulicheka nao. Nilikuwa na furaha siku zile, nikiamini kabisa kwamba nimekwisha kuijua lugha ya watu.

Yadi moja ya Kurasini ikaniita kwenye usaili. Meneja alikuwa Mzungu kijana, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Aliniuliza jambo fupi, na kila neno nililielewa: kwa nini unaitaka kazi hii? Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa barazani Temeke, linapuliza moto. Lakini kitabuni hakuna aliyeulizwa swali hilo. Ulimi ulitafuta pa kushika, ukapata ukurasa wa kwanza. Nikaanza na salamu za asubuhi, nikapita dukani kwenye kofia, nikafika kwenye hali ya hewa, na nikajiona nayumba. Hapo nikakosea neno moja. Nikarudi mwanzo.

Hakunicheka, na afadhali angecheka. Alingoja nivute pumzi, akaniambia kwa Kiswahili alichookota kwa wapakuzi wa makontena, na hata masika moja hayajamkuta nchini:

"Dada, pole sana. Watu ya simu hapana soma kitabu hii."

Kiswahili kibovu namna hiyo, na nilikielewa chote. Yeye alikuwa na watu wa kukosea mbele yao kutwa nzima. Mimi nilikuwa na mama. Nilimchukia yule kijana njia nzima ya kurudi, kwa miguu, na hadi leo sijamaliza.

Nilipofika, mama alikuwa ameinamia chuma cha vitumbua, machozi ya moshi yanamtiririka. Hakuniona uso. Alinitambua kwa kandambili zangu tu, na hakuuliza nimepata au nimekosa. Aliniuliza kwa Kiingereza, anatabasamu, kama treni ya saa nne imeshaondoka.

Jibu la kitabuni lina sehemu mbili. Nilimjibu ile ya kwanza tu, kisha nikamwomba anipishe kwenye kigoda chake mbele ya moto.