Siku Baba Alipotoboa Silinda Hedi

Juzi mjukuu wangu alinipitisha gereji moja hapa Nakuru kuchukua gari lake. Nikiwa nimekaa kwenye benchi, nikasikia tupa ikikwaruza chuma polepole, na meno yakanisisimka kwa namna niliyoijua. Papo hapo nilikuwa uani kwetu mtaa wa Bondeni, miaka ya hamsini, msichana wa miaka tisa, kidole changu kikiwa ndani ya injini ya baba.

Baba alikuwa na lori kuukuu alilolipata baada ya kutoka jeshini. Alibeba viazi kutoka Kuresoi kuja mjini, na msimu wa mvua lile lori lilipanda milima likikohoa mpaka wenye punda wakalipita. Kwa mafundi wa jeshi alikuwa amesikia kwamba ukiyapanua matundu ya silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, yale yanayoingiza hewa, injini hupata nguvu.

"Hii injini si mbovu," alimwambia nyanya. "Inakosa pumzi tu."

Basi akaifungua hedi, akaileta nyumbani. Nyanya alipomaliza kuswali aliikuta ikichemka na magadi ya kuondoa grisi ndani ya sufuria yake ya pilau. Aliyoyasema siku hiyo sitayarudia hapa.

Kila alasiri nikitoka chuo cha Kurani nilimkuta baba kwenye mkeka, tupa mkononi, vumbi la chuma limemjaa magotini. Uani kulinuka mafuta ya taa na mahamri ya nyanya kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kidole. Changu kilifika kwenye kona ya tundu ambako chake hakikufika. "Funga macho," alisema, "macho yanadanganya." Nikipapasa namwambia, "Hapa kuna kipele," naye anapasugua kwa msasa mpaka pateleze. Niliwaambia wasichana wenzangu kwamba mimi ni fundi, wakanicheka. Sikujali.

Jirani yetu, mtu mzima aliyetoka Kisumu, alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana moja mjini. Jioni moja aliegemea ua akatazama kwa muda.

"Jirani, hapo chini ya tundu inapita njia ya maji ya kupoza injini. Ukiendelea kuchimba utatoboa."

Baba hakuinua hata kichwa. "Wewe umeajiriwa, mimi nina lori langu. Wivu hautakusaidia."

Jirani akaondoka. Nyanya akaacha kupepea jiko, akamwangalia mwanawe, kisha akaendelea kupepea.

Kesho yake tulifika tundu la nne. Mlio wa tupa ukabadilika, ukawa mwepesi, mlio wa bati. Nikasema, "Baba, hapa panalia tofauti."

"Bado kidogo tu, mwanangu."

Tupa ikazama. Palikuwa na kitobo cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Hedi nyingine haikupatikana Nakuru nzima. Huko Kuresoi viazi vilikuwa vimeshachimbwa, vimerundikwa kwenye mvua, na wenyewe wanamngoja baba. Siku mbili alishinda mkekani. Chakula alichoandaliwa kilirudi jikoni vilevile. Mimi niliamini kosa ni langu. Ningepiga kelele, angeacha.

Asubuhi ya tatu alioga, akavaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akaifunga hedi kwenye gunia. Akanishika mkono. "Twende."

Nilidhani tukifika mlangoni kwa jirani ataniambia nikacheze. Hakuniambia.

"Jirani," alisema, "nilikutukana mbele ya mama yangu na mbele ya huyu mtoto. Mama nimeshamwomba radhi. Wewe nimekuja kukuomba radhi huyu mtoto akisikia. Uliloniambia ndilo lililonipata."

Jirani akafungua gunia, akatazama kitobo, kisha akanitazama mimi. "Na huyu alikuwepo?"

"Alinionya. Naye pia sikumsikiliza."

Nilianza kulia, sijui kwa nini, na mke wa jirani akanipa kikombe cha chai.

Jirani alichonga nyuzi za skrubu ndani ya kitobo kwa mkono, akakaza kizibo cha shaba, akakigonga taratibu, akakisawazisha. Wakajaza maji kwenye ile njia iliyotoboka, waone kama kizibo kitavuja. "Weka kidole chako hapo," akaniambia, "usikitoe." Nilikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, mkono umekufa ganzi, wanaume wawili wamechuchumaa wakinitazama usoni.

"Pakavu," nikasema.

Walicheka, wakapigana mabega kama vijana.

Hedi iliporudishwa kwenye lori tulipanda Kuresoi sote watatu, mimi katikati ya baba na jirani. Usidhani lori liliruka. Lakini kwenye kona ambako zamani lilihitaji gia ya kwanza, lilipita kwa ya pili, na baba akapiga mlango kwa kiganja kwa furaha. Viazi nusu vilikuwa vimeoza. Nusu tulivifikisha mjini.

Uani kwetu sasa ni ghorofa. Jirani alirudi kwao uzeeni, baba tulimzika, na lori sijui liliishia wapi. Tangu hapo nimeishi na wanaume wengi, mume, wakwe, wanangu, watu wema. Wote waliwahi kukosea. Waliowahi kuomba radhi ni wachache, tena mlango ukiwa umefungwa na watoto wametumwa dukani. Baba yangu alinishika mkono akanipeleka nikasikie.