Tangawizi Haina Nundu

Mwanangu, bado naiona ile siku nilipokata jerikeni kuukuu la mafuta ya kupikia, nikalijaza udongo na kuzika humo vipande vya tangawizi vilivyoanza kuchipua. Ukame ulikuwa umemaliza ngamia wetu kule Kotile, tukahamia Garissa mjini, mama akawa anauza chai sokoni. Mbele ya wateja wake nilijitapa kwamba Idi ya mwaka utakaofuata atapika chai kwa tangawizi yangu.

Adeer, yaani mdogo wa baba, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Wallahi, mtoto ya ngamia leo nachunga matope!"

Maneno yale yaliniuma. Lakini kazi niliyoijua ilikuwa moja tu. Ngamia unamnywesha mpaka ashibe, kisha unamwacha siku nyingi. Basi nikalimwagia jerikeni debe zima la maji, nikaliacha juani siku nane, nikarudi na debe jingine. Mwezi haukuisha. Nilipofukua, vipande vilikuwa vimeoza, vinanuka. Nililia, sikufichi, na ndevu zangu hizi.

Mama alikiokota kipande kimoja, akakigeuzageuza.

"Waryaa, wewe kijana, hii si ngamia. Haina nundu. Maji yote hiyo itaweka wapi?"

Nikaanza upya. Nilitoboa jerikeni chini, nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyokauka zamani, nikaliweka kwenye kivuli cha ukuta. Kila asubuhi nilinyunyiza maji kikombe kimoja, na mkono ukiwasha kuongeza, niliurudisha nyuma.

Asubuhi ya Idi, majani yakiwa yamegeuka manjano, nililipindua jerikeni lile mbele ya wote. Tangawizi ikamwagika, nene, imeshikana kama vidole vya mtoto mchanga! Mama aliiponda pamoja na hiliki, akaitia kwenye chai ya maziwa ya ngamia aliyonunua sokoni. Adeer alikunywa vikombe vitatu. Halafu akanong'ona, "Nipe kipande. Na mimi nataka kupanda." Furaha ya siku ile sijaimaliza hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, chochote utakachokilea, iwe mmea, mke au mtoto, kijue kwanza kinavyokunywa. Usikilee kwa mazoea ya kingine. Na ukivuna, mbakizie kipande aliyekucheka.

Mungu aibariki mikono yako, na birika lako lisikose wa kunywa nawe. Amin.