Mama Spika Hanyamazi

Saa mbili asubuhi, sokoni, mwanamke mmoja amesimama juu ya kiti cha plastiki, gauni la mtumba begani, anaita wateja mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

"Chagua mwenyewe, vaa mwenyewe, pendeza mwenyewe! Bosi, waambie!"

Bosi hasemi kitu. Ni binti yake wa miaka saba, amekaa juu ya robota la nguo, macho kwenye kifungo anachokizungusha vidoleni. Jina hilo alipewa na wachuuzi: amekalia mali na hasalimii mtu.

Mama mtu wanamwita Mama Spika. Tangu amzae, amemsemesha mtoto huyu kutwa nzima bila kujibiwa hata neno moja. Madaktari walishasema masikio ni mazima. Tatizo ni hitilafu ya vinasaba aliyozaliwa nayo, inayoathiri ukuaji wa ubongo.

Wifi yake, mwenye meza ya pili, alimhurumia kwa namna yake. "Wifi, unaongea na ukuta. Hebu pumzika."

"Ukuta nimeuzaa mimi? Niache bwana!"

Ila maneno ya mwalimu mkuu yalimchoma. Alipompeleka Bosi shule ya jirani, mwalimu alimwita mtoto mara tatu. Hakugeuka.

"Mama, mtoto asiyegeuka akiitwa, mimi nitamfundisha nini?"

Geti likafungwa nyuma yao. Mama Spika alirudi nyumbani analia huku anatukana.

Ndipo aliposikia kuna watafiti hospitalini wanaochunguza jinsi ubongo wa watoto wa aina hii unavyopokea sauti za watu. Mtoto anavalishwa kofia laini yenye nyaya, anasikilizishwa sauti ya mama yake na ya mgeni, na mashine inachora yanayotokea kichwani. Akajiandikisha.

Siku ya kurekodiwa, alivaa gauni alilolificha asiliuze, akaketi mbele ya maikrofoni na kuongea kistaarabu. Bosi alipopimwa, mistari iliyochorwa kwa sauti ya mama na kwa ya mgeni ilikuwa kama pacha.

"Hebu niisikie na mimi," alimwomba mtafiti, dada mdogo tu kwa umri. Alipowekewa, akaruka. "Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Huyu si mke wa waziri anazindua kisima! Hata mimi simjui, mwanangu atamjuaje? Nirekodi upya, dada yangu."

Mtafiti alicheka, lakini hakuwa mtu wa kudanganywa na kelele. Akamrekodi upya akinadi kama sokoni, kisha akamtafuta mchuuzi mwingine wa kike, asiyemjua Bosi, apige makelele yaleyale kwa maneno yaleyale.

Safari hii Bosi, aliyekuwa anang'ang'ana kuivua kofia, alishusha mikono. Sauti ya mgeni ikapita. Ikaja ya mama: "Bosi, waambie!" Kwenye skrini mistari ikaachana, ikaachana tena kila sauti ile iliporudi. Uso wa mtoto haukubadilika hata kidogo.

"Sisemi anaelewa maneno," mtafiti alitahadharisha. "Na kipimo cha mtoto mmoja si hukumu. Lakini ubongo wake unaitofautisha sauti yako na ya mtu mwingine. Hilo nimeliona."

Mama Spika alijifunika uso kwa mikono, akalia kwa furaha na hasira kwa pamoja. "Miaka yote hii mtu ananisikiliza, mnaniambia ukuta!"

Siku hizi wifi akifungua meza huanza na Bosi. "Hujambo, mwanangu? Shangazi yako huyu." Hajibiwi, na wala haoni haya.

Jumatatu Mama Spika anarudi shuleni. Anataka Bosi apewe nafasi darasani, na mwalimu amsemeshe kila siku kama watoto wengine.

"Yeye kamwita mara tatu, mimi nimemwita miaka saba," anasema, akipanda tena kiti chake. "Sauti yake kwa Bosi ni ya mgeni. Basi naye aanze, amzoeshe."

Na akikataliwa?

"Geti afunge tu. Nitahamishia meza yangu nje ya ukuta wake, niuze nguo hapohapo, kwa sauti hiihii. Tuone nani atachoka kwanza."