Mama Muhuri sasa anasoma kwanza

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa anavaa miwani, anaichukua karatasi iliyotoka kwenye mashine na kumsomea kwa sauti bibi aliyesimama dirishani. Anasoma neno kwa neno, hata tarehe. Foleni inaguna. Yeye hana habari nayo.

Wanamwita Mama Muhuri. Ni karani katika ofisi ya kadi za matibabu ya wazee. Tangu mwaka juzi, anayekubali au kukataa maombi si yeye tena. Ni akili mnemba, inayolinganisha picha na kumbukumbu za serikali. Muhuri wake hauna tena kazi kisheria, lakini watu waligoma kuondoka bila huo.

“Walikuwa wananiambia, ‘Hicho kidude hatukijui, wewe tunakujua. Tugongee,’” anasimulia. “Nikawa nagonga. Nikajiona nawasaidia.”

Kwa siku aligonga karatasi tisini, nyingi bila kuzisoma.

Mojawapo ilikuwa ya fundi viatu mzee aliyemfahamu miaka mingi. Pacha wake alikuwa amefariki, na mashine ikachanganya sura zao. Ikaandika: ombi limekataliwa, mwombaji ni marehemu. Mzee hajui kusoma. Alipouliza, Mama Muhuri alikuwa ameshamtazama mtu wa nyuma. “Imekataa, baba,” akamjibu, akagonga.

Mzee alikunja karatasi yake akaenda zake. Alikaa miezi mitatu bila dawa za presha, mpaka akapooza mkono wa kulia, ule wa kushonea. Binti yake, alipokuja kumuuguza, ndiye aliyeisoma karatasi na kuirudisha dirishani.

“Niliisoma mara mbili,” anasema Mama Muhuri. “Mtu nimesimama naye uso kwa uso, nikamgongea kwamba amekufa.”

Alikwenda nyumbani kwa mzee kuomba radhi. Mzee hakumfokea.

“Ingekuwa mashine peke yake ningebisha, mwanangu,” alimwambia. “Niliona muhuri wako, nikanyamaza.”

Kadi ilirekebishwa siku ileile. Mkono haujarudi. Siku hizi Mama Muhuri anahudumia watu arobaini tu kwa siku, na mkuu wake ameshampa barua ya onyo.

Atastaafu baada ya miezi minane. Kabla ya hapo, anataka kila ombi linalokataliwa liwe na jina la binadamu aliyelisoma. Ameandika kwa wakubwa mara mbili, hajajibiwa. Kwa sasa, mashine ikikataa, anaandika chini ya karatasi jina lake kamili na namba yake ya simu, kwa kalamu.

“Atakayeonewa,” anasema, “apate mtu wa kumgombeza.”